Muhuri wa kamati au ushahidi wa mwalimu?

Mhitimu wa kidato cha sita aliyesoma fizikia, kemia na baiolojia, akiomba kusomea udaktari Muhimbili, haulizwi ni nani anayemfahamu. Kinachoangaliwa ni matokeo yake. Kenya nako ni hivyo hivyo: alama za mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, ndizo zinazompeleka kijana kwenye darasa la udaktari au kumfungia mlango, na KUCCPS, chombo kinachogawa nafasi za vyuo, hakimwiti mwalimu wake wa kemia aje kumsemea.

Binamu yake aliyekulia Minneapolis au Dallas ana safari nyingine. Marekani, kwa kawaida, mtu haingii chuo cha udaktari akitokea sekondari. Husoma kwanza shahada ya kwanza, hufanya mtihani wa kuingia vyuo vya udaktari, MCAT, huandika maelezo yake binafsi na kuorodhesha saa alizojitolea hospitalini. Kisha hukutana na sharti ambalo wazazi wake waliosoma Afrika Mashariki hawakulipitia: watu wengine lazima waandike kumhusu. Hapo ndipo swali linapozuka. Kamati ya chuo chake iandike barua moja kwa niaba ya chuo kizima, au walimu wamwandikie kila mmoja kivyake?

Si swali dogo. Mwaka 2023 watu 52,577 waliomba nafasi katika vyuo vya Marekani vinavyotoa shahada ya udaktari ya MD, na walioanza masomo walikuwa 22,981. Zaidi ya nusu walibaki nje. Mwaka 2011, Chama cha Vyuo vya Udaktari vya Marekani, AAMC, kilichapisha majibu ya maofisa wa udahili kuhusu mambo yanayowaongoza wanapoamua nani apewe nafasi. Usaili ulishika nafasi ya kwanza, barua zikafuata. Alama humfikisha mwombaji mbele ya meza ya usaili. Akishafika hapo, maneno ya waliofanya naye kazi huanza kupimwa kwa makini.

Njia tatu, si mbili

Maombi mengi hupitia mfumo wa pamoja uitwao AMCAS, unaoendeshwa na AAMC. Mfumo huo unatambua aina tatu za barua.

Ya kwanza ni barua ya kamati. Chuo chenye utaratibu huu huwa na washauri na wahadhiri wanaokutana na mwanafunzi miezi kadhaa kabla ya msimu wa maombi. Mwanafunzi hujaza fomu, huandika historia ya maisha na masomo yake, hufanyiwa usaili, na walimu wake hutuma barua zao kwa kamati. Mwisho mshauri au mwenyekiti huandika tathmini moja inayobeba sauti ya chuo, mara nyingi ikiambatana na barua za wale walimu.

Ya pili ni pakiti. Hapa chuo hukusanya barua za walimu na kuzituma zikiwa fungu moja, bila kutoa tathmini yake. Ya tatu ni barua binafsi: mwalimu, mtafiti au daktari anaandika, anatia saini na kuituma mwenyewe.

AMCAS humruhusu mwombaji kuingiza barua hadi 10. Barua ya kamati huhesabiwa kuwa moja hata kama ndani yake kuna barua za walimu watano, na pakiti vivyo hivyo. Hata hivyo, kila chuo cha udaktari kina idadi yake ya barua kinazozitaka, na vingi hutaka barua za walimu wawili wa sayansi na mmoja wa somo lisilo la sayansi. Texas ina mfumo wake, TMDSAS, ambao husema wazi kwamba mwombaji alete pakiti ya kamati au barua tatu za watu binafsi.

Vyuo vikuu navyo havifanani. Princeton ina ofisi ya ushauri wa taaluma za afya ambayo huandika barua za kamati. Harvard imekuwa na desturi ya kuiweka kazi hiyo kwenye mabweni yake, ambako wakufunzi wanaoishi na wanafunzi huandaa barua hizo. Stanford na Berkeley hazina barua ya kamati kabisa. Wahitimu wao huomba kwa barua binafsi, na kila mwaka huingia vyuo vya udaktari nchi nzima.

Hilo lafaa kumtuliza mzazi anayepoteza usingizi kwa sababu chuo cha mwanawe hakina kamati. Hakuna anayeadhibiwa kwa kukosa kitu ambacho chuo chake hakikutoa. Wenye jambo la kueleza ni wale ambao chuo chao kina kamati na wao wakaikwepa. Vyuo vingi vya udaktari husema bayana kwamba, kamati ikiwepo, barua yake inatarajiwa. Isipokuja, mwombaji atoe sababu. Zipo sababu zinazoeleweka, kama kuhitimu miaka mingi nyuma au kuamua kuomba baada ya tarehe ya kamati kupita. Asiyesema lolote humwachia msomaji wa faili akisie, na makisio mara chache humpendelea mwombaji.

Uzito wa muhuri

Mtanzania anaujua uzito wa muhuri. Anayefuatilia kitambulisho cha taifa au anayekwenda kumdhamini ndugu yake hupitia ofisi ya serikali ya mtaa, akatoka na barua inayosema kwamba ni mkazi wa pale na anafahamika. Huenda mwenyekiti hajawahi kuketi naye hata mara moja. Muhuri ndio unaozungumza.

Barua ya kamati ina nguvu ya aina hiyo, na ina zaidi. Kamati imewaona wanafunzi wengi wa chuo kile mwaka baada ya mwaka, kwa hiyo inaweza kusema huyu anasimama wapi kati ya wenzake. Inajua ni kozi gani ya kemia huwaangusha hata wenye akili. Inaweza kueleza kwamba alama zilizoshuka muhula mmoja zilishuka wakati mwanafunzi akifanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee ili alipe ada, au akimuuguza mama. Mwalimu mmoja wa baiolojia hawezi kuyajua hayo yote, na mwanafunzi akiyaandika mwenyewe huonekana anajitetea. Kwa mtoto wa wahamiaji ambaye maisha yake hayafanani na ya wenzake darasani, aya moja ya namna hiyo inaweza kubadili jinsi faili lake linavyosomwa.

Lakini muhuri una upande wa pili. Viko vyuo ambavyo kamati zake haziwaandikii wenye wastani wa alama (GPA) ulio chini ya kiwango fulani, na viko vinavyoandika kwa madaraja: huyu tunampendekeza kwa nguvu, huyu tunampendekeza, huyu kwa tahadhari. Chuo kinachowachuja waombaji wake mapema hivyo kinaweza kutangaza kwamba wengi mno wa wanafunzi wake hukubaliwa kusomea udaktari. Mzazi anayeonyeshwa asilimia ya kuvutia siku ya kutembelea chuo aulize: waliohesabiwa ni wote waliotaka kuomba, au ni wale tu waliopitishwa na kamati?

Tatizo lingine ni muda. AMCAS hufunguliwa mwanzoni mwa Mei, na mwishoni mwa mwezi huo au mwanzoni mwa Juni waombaji huanza kutuma maombi. Vyuo vingi huyasoma kadiri yanavyofika na kuita watu kwenye usaili hivyo hivyo, huku nafasi zikipungua. Kamati yenye wanafunzi wengi na waandishi wachache inaweza kuchelewa hadi Agosti au Septemba. Wapo wanafunzi wanaoshikilia maombi yao wakisubiri barua, na hilo ni kosa. AMCAS huhakiki maombi bila kungoja barua. Maombi yatumwe mapema, barua zifuate.

Aliyekuona ukifanya kazi

Barua binafsi haina muhuri wa chuo kizima. Nguvu yake iko kwenye macho ya aliyeiandika.

AAMC ina mwongozo kwa waandishi wa barua hizi, na mambo inayosisitiza ni ya kawaida kabisa. Mwandishi aseme amemfahamu mwombaji kwa muda gani na kwa nafasi gani. Aeleze tabia alizoziona mwenyewe. Akimlinganisha na wengine, aseme ni kundi gani. Asimalize ukurasa akieleza kozi yake au maabara yake, maana anayeomba nafasi si maabara. Ubora wa barua unazidi urefu wake.

Linganisha sentensi mbili. Mwalimu wa kwanza anaandika: "Alipata A katika darasa langu na ana bidii." Wa pili anaandika kwamba jaribio la mwanafunzi lilipoharibika wiki ya mwisho, alikuja na daftari lake, akaonyesha hatua aliyoikosea kabla hajaulizwa, kisha akabaki jioni kumsaidia mwenzake ambaye naye alikuwa amekwama. Sentensi ya kwanza inarudia kilichoko kwenye cheti. Ya pili inaonyesha mtu ambaye mgonjwa angependa kumkuta wodini.

Ndiyo maana kutafuta jina kubwa ni hasara. Katika jamii za Waafrika Mashariki walioko Marekani, mzazi akisikia habari za barua hukimbilia kwa daktari bingwa anayesali naye, au kwa mjomba mwenye cheo hospitalini. Nia ni njema. Lakini barua ya ndugu haihesabiki, na bingwa aliyekutana na kijana mara mbili kwenye sherehe hana la kusimulia. Mchungaji au sheikh aliyemwona kijana akihudumia wazee kila wiki kwa miaka mitatu anaweza kuandika barua nzuri ya ziada, ingawa haitachukua nafasi ya mwalimu wa sayansi.

Barua binafsi ina hatari nyingine, nayo ni upendeleo wa mwandishi usioonekana. Mwaka 2003 Frances Trix na Carolyn Psenka walichapisha uchambuzi wa barua zaidi ya 300 zilizoandikwa kuwapendekeza waombaji wa kazi ya uhadhiri katika chuo kimoja cha udaktari cha Marekani. Barua za wanawake zilikuwa fupi zaidi kwa wastani, zenye maneno mengi ya kutia shaka, na ziliwasifu zaidi kwa bidii kuliko kwa kipaji. Waliochunguzwa hawakuwa wanafunzi, lakini somo lawafaa wanafunzi. Kumpa mwandishi taarifa kamili za utafiti uliofanywa, kazi zilizoandikwa na majukumu yaliyobebwa kunampunguzia nafasi ya kujaza pengo kwa mazoea.

Kuomba barua bila aibu

Barua ya serikali ya mtaa unaibeba mkononi na kuisoma njiani. Hizi za Marekani huzioni. Sheria ya mwaka 1974 iitwayo FERPA humpa mwanafunzi haki ya kusoma kumbukumbu zake za masomo, lakini humruhusu kuiacha haki hiyo kwa barua za mapendekezo. Waombaji wengi huiacha, kwa kuwa barua ambayo mwandishi anajua haitasomwa na mhusika huaminiwa zaidi. Kwa hiyo ulinzi wa mwanafunzi uko kwenye kuuliza vizuri mwanzoni: "Mwalimu, unaona unaweza kuniandikia barua yenye nguvu?" Akisitasita, ashukuriwe na atafutwe mwingine.

Hapa malezi yetu yana mvutano na utaratibu wa kule. Watoto wengi wa Kiafrika wamefundishwa kutomsumbua mwalimu na kutojisifu mbele ya wakubwa. Wanakaa kimya nyuma ya ukumbi wenye watu mia kadhaa, wanapata A, wanaondoka, na miaka mitatu baadaye hakuna mhadhiri anayewakumbuka kwa sura. Mwanafunzi wa namna hiyo hawezi kuandikiwa barua nzuri, iwe ya kamati au ya mwalimu. Saa ambazo mhadhiri hupokea wanafunzi ofisini ziliwekwa kwa ajili yake. Kwenda na swali kuhusu somo hakuvunji heshima.

Kwa anayetaka kwenda Marekani akitokea nyumbani, lipo jambo la kutangulia yote haya. Vyuo vingi vya udaktari vya Marekani havipokei waombaji wasio raia wala wakazi wa kudumu. Vilivyo wazi kwao ni vichache, na orodha yake itazamwe kabla ya kugharimia shahada ya kwanza.

Kati ya kamati na mwalimu, basi, jibu ni hili: chuo chako kikiwa na kamati inayokubali kukuandikia, ipitie, na hakikisha barua za ndani ni za watu waliokuona ukifanya kazi. Kisipokuwa nayo, au ikikukataa, tafuta walimu watatu wanaoweza kusimulia tukio, na ueleze sababu kwa sentensi mbili pale chuo cha udaktari kinapoiuliza. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza au wa pili aende wiki hii kwenye ofisi ya ushauri ya chuo chake aulize mambo matatu: kamati ipo au haipo, masharti yake ni yapi, na mwaka jana barua zilitoka mwezi gani. Mzazi amkumbushe.