Baba anaumwa, maisha yasimame?

Simu iliingia saa nne asubuhi nikiwa ofisini Bunda. Alikuwa dada yangu, na hakuwa na maneno mengi: "Kaka, njoo nyumbani. Baba hawezi kusimama."

Nyumbani ni Butiama. Mzee wetu ni mwalimu mstaafu, mtu wa kuamka alfajiri na kwenda shamba kwa miguu yake. Kwa miezi kadhaa alikuwa akiamka usiku mara nne, mara tano, kwenda haja ndogo, na mgongo ukimuuma. Kila tulipomuuliza, jibu lilikuwa lile lile: "Ni uzee tu."

Haukuwa uzee. Tulipomfikisha Bugando, Mwanza, tuliambiwa ni saratani ya tezi dume, na tayari imeingia kwenye mifupa ya mgongo. Daktari hakutuficha. Matibabu yangeipunguza kasi na kumpunguzia mzee maumivu, lakini kupona kabisa, hapana. Njiani kurudi, kuanzia Magu mpaka Lamadi, hakuna aliyefungua mdomo ndani ya gari.

Nikakata kila kitu

Mimi na mke wangu tunaishi Musoma, ambako yeye anafundisha sekondari. Mimi naenda Bunda kikazi na kurudi. Kabla ya hapo Jumamosi ilikuwa siku yetu. Jioni nacheza mpira na watumishi wenzangu, halafu mama watoto ananifuata, tunakaa kando ya ziwa na sato wetu wa kuchoma, tunapiga stori mpaka giza linaingia.

Vyote nikavikata. Kila Ijumaa nikitoka kazini nilishuka Makutano, nikachukua bodaboda hadi Butiama, na kurudi Musoma Jumapili usiku. Viatu vya mpira nilivisukumia uvunguni. Nilijiambia, mtoto gani huyo anakimbiza mpira wakati baba yake yuko kitandani?

Kazi zenyewe si mchezo. Kwetu mkwe hawezi kumwogesha baba mkwe, na dada naye ni binti, kwa hiyo kumwogesha mzee ilibaki kazi yangu na mdogo wangu. Siku ya kwanza baba aligeuza uso ukutani mpaka tulipomaliza. Na mimi nilitazama pembeni. Hakuna shule inayokufundisha kumvua shati mtu aliyekufundisha kufunga vifungo.

Huku Musoma nako mambo yalianza kwenda kombo. Usiku mmoja mke wangu aliniambia, "Mume wangu, anayeumwa ni baba, lakini unayenitisha ni wewe. Hata ukiwa hapa, haupo." Nilimjibu vibaya, jibu ambalo hadi leo najuta. Tulilala mzungu wa nne.

Swali la mzee

Jumamosi moja nikiwa namnywesha uji, baba aliniuliza, "Leo si siku yenu ya mpira?"

Nikamwambia nimeacha.

"Nani kakutuma?"

"Baba, si unaumwa?"

"Naumwa mimi. Ugonjwa ukinila mimi na wewe ukakula, utakuwa umekula wawili kwa bei ya mmoja."

Halafu akanikumbusha habari ya Mwalimu Nyerere. Mwaka 1998 Mwalimu aligundulika kuwa na saratani ya damu, lakini aliendelea na kazi ya kuwasuluhisha Warundi kule Arusha. Alifariki Oktoba 14, 1999, katika Hospitali ya St Thomas', London, na akazikwa hapa hapa Butiama. Habari hiyo naijua tangu utoto, kama kila mtoto wa Butiama anavyoijua. Nilichokuwa sijawahi kufikiria ni kwamba wapo waliokuwa wanampoteza baba, sio Baba wa Taifa.

Ndipo nikaelewa. Kila wiki nilikuwa nampelekea mzee wangu uso wa msiba. Siku nzima anaongelewa habari za dawa na choo, halafu na mimi nafika na dawa na choo. Hakuna aliyekuwa anampelekea dunia.

Tulivyojipanga upya

Tuliita kikao cha familia. Mimi na mdogo wangu tukagawana wikiendi, mbili mbili kwa mwezi. Dada akashika daftari moja lenye tarehe za kliniki, dawa, michango ya kila mmoja na maswali ya kumuuliza daktari, maana ukifika mbele ya daktari akili huwa inafunga. Mzee yuko kwenye kadi yangu ya bima ya NHIF kama mtegemezi. Kama hujamwandikisha mzazi wako, ulizia utaratibu mapema, usisubiri simu ya saa nne asubuhi.

Ubao wake wa bao tuliuhamishia karibu na kitanda. Walimu wastaafu wenzake wanakuja, wanacheza, wanabishana kama zamani. Siku hizo maumivu hayaondoki, ila mzee hayahesabu.

Na mimi nilivitoa viatu uvunguni. Mechi ya kwanza nilicheza dakika 20 tu, nikatoka nikaenda kulia nyuma ya goli. Hakuna aliyeniuliza kitu. Mmoja aliniletea maji. Mke wangu alikuwa amenisubiri pale pale tulipozoea kukaa, na safari hii nilimsimulia yote, pamoja na ile siku ya ukuta.

Sitakudanganya, msomaji. Zipo bado usiku ambazo mzee ananibana mkono mpaka asubuhi, na kuna siku narudi kazini sijielewi. Lakini kama uko kwenye hali hii, nisikilize mimi niliyekosea kwanza. Gawaneni zamu. Mwambie mwenzako ukweli kabla hujamkaripia. Mzee wako akikwambia "ni uzee tu", mpeleke akapimwe. Na ile sehemu ya maisha yako inayokupa pumzi, usiizike kabla ya wakati, maana mgonjwa naye anaihitaji.

Jumapili iliyopita haikuwa zamu yangu. Baba alipiga simu mwenyewe.

"Jana mmeshinda?"

"Tumefungwa tatu, baba."

"Na beki ni wewe?"

"Ni mimi."

Alicheka mpaka dada akamnyang'anya simu.