Karakana ya Nyumbani Pwani ya Tanga: Kuta, Paa na Chumvi ya Bahari (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulipima kiwanja, tukakubaliana kwamba karakana ya mtu mmoja, yenye meza ya kazi na nafasi ya gari dogo, inatosha kwa mita 4 kwa 6. Leo tuamue ijengwe kwa kitu gani. Wapo wanaotaka kununua kontena, wapo wanaotaka fremu ya chuma iliyozungushiwa mabati, na wapo waliozoea tofali. Nitangulize msimamo wangu: anayeishi karibu na bahari, kuanzia Mkinga hadi Pangani, ajenge kuta za tofali na kenchi za mbao, na chuma akitumie pale tu ambapo hakuna budi.

Sababu ni chumvi. Kusi na kaskazi hubeba matone madogo ya maji ya bahari. Matone yakikauka, chumvi hubaki juu ya bati na kunyonya unyevu wa hewa, kwa hiyo bati hubaki na utando wa maji usioonekana hata siku ambayo mvua haikunyesha. Kutu hufanya kazi ndani ya utando huo. Ukali wake hupungua haraka kadiri unavyoondoka ufukweni. Raskazone si sawa na Pongwe, wala Pongwe si sawa na Muheza. Na masika, ambayo wengi huyalaumu, husaidia: mvua husuuza chumvi. Ndiyo maana bati la paa linalonyeshewa huweza kudumu kuliko bati la ukutani lililojificha chini ya upenu, ambako chumvi hurundikana bila kuoshwa. Kuta za mabati, kwa hiyo, ni chaguo la bara.

Kontena nalo lina sifa zake: linakuja likiwa tayari, na mlango wake ni imara. Lakini kontena la futi 20 lina upana wa mita 2.35 hivi kwa ndani. Gari lenye upana wa mita 1.7 likiingia, kila upande hubaki sentimita thelathini na kidogo, na dereva atatokaje? Ukikata chuma ili kuweka dirisha, umefungua kingo mpya kwa kutu. Mchana wa Januari ndani hakukaliki. Usiku paa la chuma hupoa haraka kuliko hewa, umande hujishika upande wa ndani na kudondokea misumeno na patasi. Kontena liwe stoo, chini ya kivuli cha paa la pili, liinuliwe juu ya nguzo fupi za zege.

Twende Tongoni, kusini mwa mji, kando ya njia ya Pangani. Msikiti na makaburi ya pale, ambayo wataalamu huyaweka karne ya 14 na 15, yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, bila nondo. Mapaa yameanguka, lakini sehemu kubwa ya kuta ingalipo mbele ya bahari ileile. Ukuta usio na chuma hauna cha kupata kutu. Sisemi turudi kuvunja matumbawe. Miamba hai ndiyo makazi ya samaki wetu, na tangu 2009 sehemu ya bahari hii imo ndani ya Hifadhi ya Silikanti. Nasema tuchukue kanuni ya waliojenga pale.

Kanuni hiyo leo inapatikana kwa tofali la saruji la inchi 6. Karakana yetu ina mzunguko wa mita 20. Kwa kimo cha mita 2.7, ukitoa mlango mpana na madirisha, unabaki na mita za mraba 45 hivi. Kila mita ya mraba inakula tofali 9, yaani kama 410, na uongeze kidogo kwa zinazovunjika. Saruji haitoki mbali, kwa kuwa Pongwe ipo juu ya mawe ya chokaa na kiwanda kipo hapo hapo. Hofu yangu ni tofali zenyewe. Fundi anayetoa tofali 50 za inchi 6 kwa mfuko mmoja wa kilo 50 anakuuzia mchanga. Simama pale zinapofyatuliwa, uhesabu, kisha uhakikishe zinamwagiliwa maji kwa siku 7 angalau. Ukuta wa mita 6 usimame na nguzo ya tofali katikati, la sivyo utayumba.

Mchanga wa ufukweni usikanyage kiwanja chako, wala maji ya kisima chenye chumvi. Nondo iliyo ndani ya zege nzuri hulindwa na ukali wa saruji. Chumvi huuvunja ulinzi huo. Kutu hujaza nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo nondo huvimba na kuipasua zege kutoka ndani. Ule ufa unaokimbia kwa urefu chini ya lenta za nyumba nyingi za pwani ndio huo. Kwa lenta ya mlango wa gari, ambayo hatuwezi kuikwepa, nondo ifunikwe na zege ya milimita 40 au zaidi kila upande.

Mwenye udongo mwekundu Muheza au Pongwe afikirie pia tofali za kufungamana zinazoenezwa na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi: udongo, saruji kidogo, mashine ya mkono, na ukuta usiohitaji mota ya saruji katikati ya tofali. Mchanga mtupu wa ufukweni haufai. Kuta za mbavu za mbwa na paa la makuti vinamtosha mshona mikeka. Panapochomelewa vyuma, makuti ni hatari tupu.

Kenchi ziwe za mbao zilizotiwa dawa. Kata ncha ya ubao mmoja kabla ya kulipa: dawa iwe imeingia ndani, isiwe rangi ya kijani juu tu. Vipande vinavyobaki visipelekwe jikoni, kwani moshi wake ni sumu. Mtiki wa Longuza ni bora kuliko zote, ila kwa bei yake uweke kwenye fremu za milango, na uchague ubao wa moyo wa mti, kwa maana ule mweupe wa pembeni mchwa huula.

Kwa bati, kumbuka geji 28 ni nene kuliko geji 30. Mlango mpana usitazame kusini mashariki, mvua ya kusi ikaingia moja kwa moja hadi kwenye meza. Acha matundu ya hewa juu ya kuta mbili zinazokabiliana, chini ya upenu, ili unyevu upate pa kutokea hata mlango ukifungwa. Wiki ijayo tutamwaga sakafu.