Vifaa vya upasuaji visivyotumika: Kipi kirudi rafuni, kipi kitupwe?

UPASUAJI unapokamilika na mgonjwa kuondolewa chumbani, meza ya vifaa husalia na makasi, koleo, nyuzi za kushonea na vitambaa vya shashi ambavyo daktari hakuvigusa kamwe.

Kwa mtazamo wa kawaida, vifaa hivyo ni safi na vyaweza kumngojea mgonjwa anayefuata. Hapo ndipo hatari ilipo.

Suala hili lina uzito wa pekee katika hospitali zinazotegemewa na wakazi wa mashambani, kama wale wa Marani katika Kaunti ya Kisii. Mama anayehitaji kujifungua kwa upasuaji aweza kuletwa usiku wa manane, saa chache tu baada ya mwingine kuhudumiwa. Kifaa kikitupwa ovyo, huenda kikakosekana kinapohitajika. Kikirejeshwa bila kutakaswa, huenda kikamwachia mama huyo kidonda kisichopona.

Kanuni inayofuatwa ni moja. Kinachozingatiwa si iwapo kifaa kilitumika, bali iwapo kifurushi chake kilifunguliwa. Kifurushi kinapofunguliwa, vilivyomo hukutana na hewa ya chumba, glavu za wahudumu na matone ya damu ambayo huenda yasionekane kwa macho.

Kwa msingi huo, vifaa hugawanywa katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni vifurushi ambavyo havikufunguliwa. Hivi hurudi rafuni, mradi ni vikavu, havijararuka na muda wake haujapita. Kifurushi kilicholowa huhesabiwa kuwa kimechafuka, kwa sababu viini hupenya kwa urahisi kwenye kitambaa chenye unyevu.

Kundi la pili ni vifaa vya chuma vilivyofunguliwa. Vyote, vilivyotumika na visivyotumika, huoshwa kwa maji na sabuni, hukaushwa, hufungwa upya na kutiwa katika mtambo wa mvuke. Mtambo wa kawaida huhitaji nyuzijoto 121 kwa dakika 30 ili kutakasa vifaa vilivyofungwa.

Kundi la tatu ni vifaa vya kutumika mara moja, kama vile wembe, sindano, glavu na nyuzi za kushonea. Hivi vikishafunguliwa havina budi kutupwa, hata kama havikutumika. Vyenye makali hutiwa ndani ya sanduku gumu lisilotoboka. Kujaribu kuziokoa nyuzi kwa mvuke hakufai, kwani nyingi kati ya zile zinazoyeyuka mwilini huharibika.

Hata hivyo, hakuna kitu kinachopaswa kuondoka chumbani kabla ya hesabu ya mwisho. Shashi ambayo haikutumika huhesabiwa pamoja na iliyolowa damu, kwa maana ikiondolewa mapema hakuna atakayejua iwapo iliyokosekana imo tumboni mwa mgonjwa.

Hesabu hiyo ni miongoni mwa mambo 19 yaliyomo katika orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani (WHO), iliyozinduliwa mwaka wa 2008. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali 8 duniani, mojawapo ikiwa ya Ifakara, Tanzania. Kwa jumla, vifo vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi asilimia 0.8.

Kuchemsha vifaa katika sufuria si badala ya mtambo wa mvuke. Baadhi ya viini hustahimili maji yanayochemka. Isitoshe, katika nyanda za juu za Kisii, maji huchemka kabla ya kufikia nyuzijoto 100. Vivyo hivyo, mwongozo wa WHO wa mwaka wa 2016 hauungi mkono desturi ya kuloweka vifaa katika dawa ya kuua viini kabla ya kuviosha.

Je, hasara yaweza kupunguzwa vipi? Jibu ni kutofungua mapema. Vifaa vya dharura huwekwa karibu vikiwa ndani ya vifurushi vyake, na hufunguliwa daktari anapoviitisha.

Tatizo hili halizikabili hospitali ndogo pekee. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2016 kuhusu upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo katika Chuo Kikuu cha California, San Francisco, Marekani, ulibaini kwamba vifaa vilivyofunguliwa bila kutumika viligharimu wastani wa dola 653 kwa kila upasuaji.

Humu nchini, gharama hiyo mara nyingine huiangukia familia moja kwa moja, jamaa wanapotakiwa kununua nyuzi au glavu katika duka la dawa. Kwa hao, ni busara kuweka risiti na kuuliza, kwa adabu, ni vifurushi vingapi vilivyofunguliwa na vingapi vilivyosalia.

Ambacho hawapaswi kudai ni kurudishiwa au kuhifadhiwa kile kilichokwisha kufunguliwa. Thamani yake iliisha pale kifurushi kilipofunguliwa.