Trekta Dogo na Shamba la Pembezoni mwa Mji

KATIKA kata za pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam, kuanzia Bunju na Mabwepande upande wa Kinondoni hadi Chamazi na Toangoma upande wa Temeke, si ajabu siku hizi kukuta trekta dogo limeegeshwa chini ya mwembe, limefunikwa turubai, na mwenyewe hayupo. Mwenyewe huenda ni mtumishi wa umma anayefika shambani siku za Jumamosi na Jumapili, au mstaafu aliyekichukua kiinua mgongo chake akaamua kuwa safari hii hatashindwa na majani. Eneo lake ni ekari mbili au tatu, pengine kumi. Pana mikorosho, minazi iliyozeeka, migomba bondeni na nyasi tele.

Hatukusudii kumcheka mtu huyo. Haja yake ni ya kweli. Pwani hii ina mvua mbili kwa mwaka, za vuli na za masika, na nyasi zikiachwa mwezi mmoja baada ya masika hufika kiunoni. Pori karibu na makazi ni maficho ya nyoka, ni kuni za moto wa kiangazi, na ni mwaliko kwa mvamizi. Tena mwenye hati amewekewa masharti ya kuliendeleza eneo lake chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Tunalouliza ni kama fedha iliyotokana na jasho la miaka thelathini inawekwa mahali pake, maana tumeshuhudia watu wakichagua trekta kwa rangi na kwa kishindo cha injini, kabla ya kujiuliza litafanya kazi gani.

Nchi yetu ina elimu ya kutosha katika jambo hili, na elimu hiyo tuliipata kwa gharama kubwa. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga huko Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea. Yaliletwa matrekta yaliyobaki katika vita, hata vifaru vikageuzwa kuwa matrekta. Udongo wa Kongwa ulipokauka ukawa mgumu kama saruji, na mchanga wake ukatafuna majembe ya chuma. Mradi ukaachwa mwaka 1951, baada ya kumeza takriban pauni milioni 36. Baada ya Uhuru tukawa na miradi yetu ya makazi mapya ya wakulima, iliyopewa mitambo na majengo ya gharama, nayo ikasitishwa mwaka 1966. Ndiyo maana Mwalimu Nyerere, ambaye hakuwa adui wa mashine, alisisitiza jembe la kukokotwa na ng'ombe kuwa hatua ya kwanza baada ya jembe la mkono. Alitazama uwezo wa mkulima wa kuitunza zana, zaidi ya uwezo wa zana yenyewe.

Mwaka 2009 lilipotangazwa azimio la Kilimo Kwanza, halmashauri zilihimizwa kununua pawatila, yaani lile trekta la magurudumu mawili ambalo dereva hulishika mikono na kulifuata nyuma. Mashine hiyo ni njema ikiwa mahali pake, na mahali pake hasa ni jaruba la mpunga lenye maji. Bonde lenye udongo laini litaipokea vizuri. Lakini mwenye ekari tatu za nchi kavu na apige hesabu hii: zana ya kukatulia yenye upana wa sentimita 60 humlazimu dereva kutembea karibu kilomita 7 ili amalize ekari moja. Kijana mwenye nguvu ataimaliza ekari hiyo. Mstaafu mwenye maumivu ya goti atalifunika turubai baada ya wiki ya pili.

Sasa, kazi yenyewe ni ipi? Hapa ndipo wengi hukosea. Mwenye shamba la pembezoni husema anataka trekta la kulimia, lakini ukimhesabia siku za mwaka utaona kwamba kulima ni siku mbili tu, na zinazosalia zote ni za kufyeka, kubeba mbolea na maji, na kuondoa magogo. Mashine ya kufyekea yenye upana wa mita 1.2 huhitaji trekta lisilopungua nguvu za farasi 20. Likienda mwendo wa kilomita 4 kwa saa, litafyeka ekari moja kwa muda wa saa moja hivi, ukihesabu na kugeuza. Kwa kazi hiyo, trekta la magurudumu manne la nguvu 20 hadi 35 latosha kabisa. Lile kubwa la nguvu 60 au 75 halitapita chini ya mikorosho, ambayo matawi yake hulala karibu na ardhi, na uzito wake utashindilia kichanga hadi mizizi ipate shida.

Kuhusu kulima kwenyewe tuna neno moja. Zana ya visu vinavyozunguka huupendeza sana macho, kwa kuwa huacha udongo laini kama unga. Katika kichanga cha pwani ulaini huo huchukuliwa na mvua ya kwanza. Na palipo na ndago, visu hukata minyororo ya viazi vyake na kuvisambaza shamba zima; mwenye shamba huliona shamba safi kwa siku chache, kisha huota ndago mahali ambapo haikuwapo.

Wako wanaonunua matrekta madogo yaliyokwisha kutumika Japani, na mengi ya hayo injini zake ni imara. Lakini mnunuzi afahamu mambo matatu. Maandishi ya vitufe vyake ni ya Kijapani. Matairi yake mara nyingi ni ya meno marefu ya kutembelea tope la mpunga, nayo huisha upesi barabarani. La tatu ndilo la hatari: mhimili unaozunguka nyuma ya trekta kuendesha zana, ambao zana nyingi huutaka uzunguke mara 540 kwa dakika, katika matrekta hayo una gia kadhaa, na nyingine huzungusha karibu mara mbili ya kiasi hicho. Mashine ya kufyekea ikiendeshwa kwa kasi hiyo, kisu kikikutana na kisiki kilichojificha nyasini, chuma huruka. Kabla ya kulipa, mnunuzi achukue namba ya injini aende nayo kwenye maduka ya vipuri ya Kariakoo na Gerezani, aulize chujio ya oili, mkanda na sahani ya klachi. Asipovipata huko, asilinunue trekta hilo hata kama ni la bei ya kutupa.

Mwenye eneo la mteremko aongeze sharti jingine, yaani fremu ya chuma ya kumkinga dereva trekta likipinduka, pamoja na mkanda wa kiti. Na mwenye eneo linalogusa Mto Mpiji au Mto Mzinga, au ufuko wa bahari, akumbuke kwamba Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingoni kuwa eneo la hifadhi. Trekta halina ruhusa ya kuzila mita hizo kwa sababu tu lina nguvu ya kufika.

Tuseme basi kwamba ndugu yetu amechagua sawasawa: nguvu 25, vipuri vipo, fremu ipo. Ekari zake tatu, zikifyekwa mara sita kwa mwaka, zitampa trekta kazi ya saa 18. Umri wa injini huhesabiwa kwa maelfu ya saa. Muda uliosalia chombo hicho kitasimama katika hewa ya chumvi, betri ikifa, panya wakila nyaya, chuma kikiota kutu kwa ajili ya kungoja. Kwa maneno ya madrasa, huo ni israfu, na mwenye ekari tatu hana sababu ya kuuingia.

Wakati huohuo, nje ya uzio huo wako vijana wanaofyeka kwa fyekeo la mkono, wakilipwa kwa kipande. Kila trekta linaloingia shamba la mtu mmoja huwaondolea kibarua, bila kumpa tajiri wao faida inayolingana na bei aliyolipa. Kwa maoni yetu, trekta linalofaa ekari tatu za Mabwepande au Chamazi ni lile ambalo vijana hao wenyewe wanalimiliki, wakilikodisha kwa mashamba thelathini au arobaini ya kata yao. Mashamba thelathini ya namna hiyo ni saa 540 za kazi kwa mwaka, na hapo chombo huanza kujilipia.

Njia ya kulipata ipo. Halmashauri zinatakiwa kisheria, tangu mwaka 2018, kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Tunawasikia wanaosema kwamba mali ya shirika haina mwenyewe. Malalamiko hayo yana msingi, tena hayaponywi kwa hotuba. Dawa yake ni dereva mmoja aliyefundishwa, daftari linaloandikwa saa za injini kila jioni, oili inayobadilishwa kwa saa hizo na si kwa kukumbuka, na malipo ya kukodi yanayotenganisha dizeli, ujira na akiba ya matengenezo. Kikundi kisichoweza kuonyesha daftari kisipewe mkopo wa pili.

Wenye mashamba nao wana sehemu yao. Vijana hawawezi kuandika maombi ya mkopo kwa kubahatisha. Wanahitaji kujua ni ekari ngapi zitakazofyekwa na kwa ujira gani. Mwenye shamba anaweza kuyaandikisha hayo kwa mtendaji wa mtaa, na vizuri yaandikwe kabla ya Desemba kwisha, kwa kuwa masika huanza Machi na trekta linalotafutwa mwezi Aprili hukuta nyasi zimekwisha kumfika mtu kiunoni.