Nimecheza Mwenyewe, Sasa Naweza Kusema

Mama msomaji, je, umewahi kucheza mchezo wa video wewe mwenyewe? Au wewe ni kama nilivyokuwa mimi? Unapita sebuleni na beseni la nguo, unatupa jicho kwenye televisheni, unasema, "Zimeni hayo madude mkasome," kisha unaendelea na kazi zako.

Kwa miaka mingi hayo ndiyo yalikuwa maoni yangu yote kuhusu michezo ya video. Kisha kijana wangu, akiwa na miaka kumi na moja, alianza kuchelewa kurudi kutoka shule. Njiani kulikuwa na kibanda cha gemu, chumba kidogo chenye pazia mlangoni, televisheni mbili na mabenchi, ambako watoto hulipa sarafu kwa kila mechi. Nilimkanya. Nilimchapa pia, sikufichi. Ndipo dada yangu mkubwa aliponiuliza swali lililoniuma: "Mdogo wangu, unamchapa mtoto kwa chakula ambacho wewe hujakionja. Utajuaje chenye sumu na kisicho na sumu?"

Likizo iliyofuata, mjomba wao alituazima mashine yake pamoja na michezo kadhaa. Nikaketi, nikacheza, tena si kidogo. Haya ninayoyaeleza ni maoni yangu ya kweli, pamoja na yale yanayoniaibisha.

Vipande vinavyoanguka

Nilianza na Tetris kwa sababu haina damu wala matusi. Iliundwa mwaka 1984 huko Moscow na Alexey Pajitnov, mtaalamu wa kompyuta wa Chuo cha Sayansi cha Sovieti. Maumbo yake ni saba tu, kila moja lina miraba minne. Yanashuka kutoka juu, nawe unayageuza ili yajaze mstari. Mstari ukijaa, unafutika. Ukiacha mapengo, lundo linapanda mpaka juu, na hapo umeshindwa.

Mama yeyote aliyewahi kupanga masufuria ya nyumba nzima katika kabati moja dogo ataupenda mchezo huu. Kasoro yake ni kwamba kasi inazidi mpaka vidole vinashindwa. Mwezi Desemba 2023 kijana wa miaka 13 nchini Marekani alicheza toleo la Nintendo la mwaka 1989 mpaka programu yenyewe ikaganda, akawa mtu wa kwanza kujulikana kufika huko. Ilichukua miaka 34! Sisi wengine tutashindwa tu. Lakini tukishindwa, tunaweza kuinuka tukatazame maharage jikoni. Huo ni wema mkubwa, na baadaye nitaeleza kwa nini.

Mwalimu asiyesema neno

Super Mario Bros. ya mwaka 1985 ni kazi ya Shigeru Miyamoto na wenzake wa kampuni ya Nintendo ya Japani. Mario ni fundi bomba mwenye masharubu, anayekimbia na kuruka ili kumwokoa binti mfalme.

Niliwahi kufundisha darasa la kwanza, na nakiri kwamba sijaona somo lililopangwa vizuri kama mwanzo wa mchezo huu. Mario anasimama upande wa kushoto, na kulia kuna nafasi, basi unajua uelekee wapi. Anakuja adui mdogo anayetembea polepole. Usiporuka, unakufa na kuanza tena, na hasara yako ni sekunde chache. Juu kuna tofali lenye alama ya kuuliza linalometameta. Mtoto gani hatataka kuligonga? Hakuna maelezo hata mstari mmoja, lakini baada ya dakika mbili umeshajifunza kukimbia, kuruka na kuogopa. Mchezo una dunia nane, kila moja ina hatua nne, na mwisho upo.

Lakini binti yangu wa miaka saba alitazama, akauliza, "Mama, kwani huyo binti mfalme hana miguu?" Sikuwa na jibu. Nafurahi kwamba mwaka 2024 Nintendo ilitoa mchezo uitwao Princess Peach: Showtime!, ambamo binti mfalme huyo ndiye shujaa.

Mechi iliyofungua mdomo wa kijana wangu

Sasa nifike kwenye mpira. Mchezo unaotawala vibanda vyetu ulianza mwaka 1993 kwa jina la FIFA, na tangu mwaka 2023 unaitwa EA Sports FC. Kijana wangu alinifunga mabao saba kwa bila. Nilikuwa sijui hata kitufe cha kupiga pasi.

Lakini sikiliza, mama mwenzangu. Ili nijue kucheza, ilibidi anifundishe. Alinieleza maana ya kuotea. Alinieleza kwa nini beki asikimbilie mpira ovyo. Mtoto ambaye kwa mwaka mzima alinijibu "ndiyo" na "hapana" alizungumza nami saa nzima bila kuchoka. Katikati ya mazungumzo hayo akaniambia jambo ambalo fimbo yangu haikulitoa: kule kibandani alikuwa bingwa, na shuleni alikuwa akichekwa kwa kigugumizi chake. Nilipiga mpira nje kwa makusudi ili nipate nafasi ya kufuta macho.

Kwa hiyo nausifu mchezo wa mpira pale wawili wanapoketi bega kwa bega. Siusifu kwa jambo jingine. Ukichezwa kwa njia ya intaneti, unauza vifurushi vya wachezaji. Unalipa kwanza, ndipo unaambiwa umempata nani. Huenda ukapata nyota, huenda ukapata mtu asiyejulikana. Kwangu mimi hiyo ni bahati nasibu iliyovaa jezi. Mwaka 2018 tume ya kamari ya Ubelgiji ilitoa uamuzi kwamba masanduku ya bahati ya kulipia katika michezo ya video yanavunja sheria ya kamari, na Januari 2019 kampuni ya EA iliacha kuuza pointi za kununulia vifurushi hivyo nchini humo.

Mji niliouogopa

Nilimwuliza kijana wangu kama amewahi kucheza Grand Theft Auto V. Alitazama chini. Basi usiku, watoto wakiwa wamelala, niliucheza mwenyewe.

Nisiseme uongo: ufundi wake ni wa ajabu. Ulitolewa mwaka 2013, na mji wake, Los Santos, umefuatisha Los Angeles. Niliendesha gari karibu nusu saa nikisikiliza redio tu, nikitazama jua likizama baharini. Kisha nikamgonga mtu bila kukusudia. Nilishtuka, nikaziba mdomo. Wa pili nilimgonga nikiwa nakwepa polisi. Wa tatu sikushtuka. Hilo ndilo lililonitisha, si damu yake bali ukimya wangu. Mbele zaidi kuna mahali ambapo mchezaji mwenyewe anachagua chombo cha kumtesea mtu aliyefungwa. Nao wanawake wa mji ule wengi wao ni wa kutazamwa na kununuliwa tu.

Sisemi kwamba kila anayecheza atakuwa jambazi. Wataalamu bado wanabishana juu ya hilo. Nasema huu si mchezo wa watoto, na watengenezaji wenyewe wanakubali, maana kifuniko chake kinaonyesha umri. Marekani ilipata mfumo wa kupanga umri mwaka 1994, baada ya maseneta kulalamikia michezo kama Mortal Kombat. Ulaya ina mfumo uitwao PEGI tangu mwaka 2003, nao hutumia namba 3, 7, 12, 16 na 18. Mchezo huu una namba 18. Tatizo ni kwamba kibandani kifuniko hakionekani. Hakuna wa kuangalia isipokuwa wewe unayeingia na kuuliza.

Jembe lisilotoa malengelenge

Stardew Valley ulinichekesha. Uliundwa na mtu mmoja, Eric Barone, aliyefanya kazi zaidi ya miaka minne peke yake, akachora, akatunga muziki na kuandika hadithi, akautoa mwaka 2016. Unarithi shamba la babu, unalima, unauza mazao, unafahamiana na wanakijiji. Mume wangu alinikuta nikimwagilia mboga za kwenye televisheni, akasema, "Za nyuma ya nyumba zimenyauka." Alikuwa na haki.

Hata hivyo naupenda. Usipoweka sanamu la kutishia ndege, kunguru wanakula mazao. Msimu ukibadilika kabla hujavuna, mazao mengi yanakufa. Watu wa kijijini hawakupendi mpaka uwatembelee. Kila siku ya mchezo ina mwisho, mkulima analala, na kazi yako inahifadhiwa. Uongo wake mkubwa ni mboga kukomaa kwa siku nne. Nani atuuzie mbegu hizo?

Ule nisioutaja jina

Sasa nifike kwenye aibu yangu. Haikuwa mashine ya mjomba iliyoninasa, bali simu yangu mwenyewe. Ni mchezo wa kulinganisha rangi, na ya namna hii ni mingi. Hauna damu wala matusi. Unapewa "maisha" machache. Yakiisha, unasubiri, au unalipa kidogo uendelee. Hatua haziishi, kwa maana kila mara zinaongezwa nyingine.

Nilicheza nikisubiri uji uchemke, kisha kitandani. Nililipa mara moja, kisha mara ya pili, kwa pesa za mayai niliyouza. Kila mara zilikuwa pesa kidogo, lakini nilipojumlisha mwisho wa mwezi, nilikuta nimemaliza pesa ya madaftari ya binti yangu.

Na huo haukuwa ubaya mkubwa zaidi. Jioni moja kijana wangu alikuja na hesabu zake. Nikamwambia, "Subiri kidogo, nimalize hatua hii." Nilipoinua uso, alikuwa amelala kwenye mkeka, daftari kifuani. Mimi niliyemchapa kwa ajili ya kibanda!

Sikunaswa peke yangu. Desemba 2022 Epic Games, wenye mchezo wa Fortnite, walikubali kulipa dola milioni 520 baada ya kushtakiwa na Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani. Kati ya hizo, milioni 245 zilikuwa za kuwarudishia wachezaji, kwa kuwa vitufe vilipangwa kwa namna iliyowafanya wanunue bila kukusudia. Nalo Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, limeweka tatizo la uchezaji uliopita kiasi. Dalili zake ni mtu kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo kuliko mambo mengine, na kuendelea hata akiona madhara. Kwa kawaida huchukua muda wa miezi 12 kabla ya kuitwa ugonjwa. Sikufika huko, lakini njia niliiona.

Kipimo changu

Baada ya yote haya sipimi tena mchezo kwa damu na matusi peke yake. Kabla ya kuruhusu mchezo nyumbani, najiuliza maswali manne:

Je, unaniruhusu kuondoka? Mchezo mzuri una mahali pa kupumzika, kama rafiki mwema anayekusindikiza mlangoni.

Je, ukishanunuliwa, bado unadai pesa? Ukidai, nauogopa.

Je, umepangiwa umri gani? Nasoma kifuniko mwenyewe, na kibandani nauliza.

Je, unachezwa na nani? Wawili kwenye mkeka mmoja ni afadhali kuliko mmoja chini ya blanketi.

Ule wa simu niliufuta. Siku tatu za kwanza mkono ulikuwa ukiitafuta simu wenyewe. Kijana wangu nilimwomba msamaha, kwa ile jioni na kwa zile fimbo. Tulikubaliana: Jumamosi saa moja na nusu ya kucheza, saa ya ukutani ikiwa shahidi, na sheria ni ya watoto na wakubwa. Kibandani haendi tena peke yake. Kigugumizi hakijaisha, lakini sasa ananieleza anayemcheka ni nani.

Jumamosi iliyopita nilimfunga bao langu la kwanza. Nilipiga vigelegele mpaka jirani akachungulia dirishani. Nikaomba mechi moja zaidi. Mtoto akatazama ukutani, akatabasamu, akasema, "Mama, muda wako umekwisha."

Nikazima.