Joto la Ndani, Kipimo cha Nje

"Sista, baridi imeniingia mpaka kwenye mifupa."

Kwa miaka yangu yote ya uuguzi katika chumba cha upasuaji nimeyasikia maneno hayo kwa kina mama wengi, lakini yuko mmoja ambaye hajanitoka moyoni. Alikuwa amechomwa sindano ya mgongo, mtoto ameshatolewa na analia vizuri, daktari anashona. Mama alitetemeka mpaka meno yakawa yanagongana. Nilimshika mguu, nikaukuta una moto. Nikamwambia, "Hofu tu hiyo mama, mwili wako una joto zuri." Kipimajoto kilikuwa mezani, sikukigusa. Tulipomtoa kwenda kupumzika ndipo nilipompima chini ya ulimi: 35.2.

Mguu wake ulikuwa umenidanganya, na siku hizi ninaweza kueleza kwa nini. Ubongo, moyo, mapafu na ini hukaa karibu na nyuzi 37 usiku na mchana. Ngozi, mikono na miguu hubadilika kufuatana na hali ya hewa. Ukisikia baridi, mishipa ya damu ya ngozi hujibana ili joto libaki kifuani na tumboni. Sindano ya mgongo huifungua mishipa ya miguu, damu ya moto ikateremka huko kutoka ndani. Kwa hiyo ule moto niliousikia kiganjani ulikuwa umetoka kifuani mwake. Katika saa ya kwanza joto la ndani linaweza kushuka kwa nyuzi nzima au zaidi, na likipita chini ya 36 damu huganda kwa shida na kidonda huwa rahisi kuingiwa na vijidudu. Haya si mambo ya kumtuliza mtu kwa maneno.

Kipimo cha uhakika cha joto la ndani ni cha kuingiza kitu mwilini: waya kwenye umio, mpira kwenye kibofu au njia ya haja kubwa, na kile kinachotegemewa kuliko vyote, mrija unaopitishwa mpaka kwenye mshipa mkubwa wa mapafu. Mgonjwa aliyelazwa usingizi hupitishiwa waya wa umio bila kujua. Lakini mama aliye macho, anayesubiri kuonyeshwa mwanawe, utamwambiaje ameze waya?

Wengi mtakumbuka vile vipimajoto vya kuelekezwa kwenye paji la uso mwaka 2020, wakati wa korona. Vile husoma mionzi ya joto inayotoka kwenye ngozi, basi. Aliyetoka juani husomeka vingine, na aliyeshuka kwenye gari lenye kiyoyozi vingine, hata kama ndani yao wako sawasawa.

Njia ya kuifanya ngozi iseme yaliyo ndani ilielezwa mwaka 1971 na watafiti wa London, Fox na Solman. Niliposoma jinsi inavyofanya kazi nilimkumbuka bibi yangu na sufuria yake ya wali. Maji yakikauka, alipunguza moto wa chini, akapalia makaa machache juu ya mfuniko. Bila makaa yale, joto la wali hupanda na kupotelea hewani, na mfuniko huwa wa baridi kuliko wali wenyewe. Ukipalia sawasawa, joto la ndani halina pa kutokea, na mfuniko hukaribia kuwa na moto uleule wa wali.

Kibandiko chao kinafuata kanuni hiyohiyo. Kina vihisi viwili vya joto, kimoja kinagusa ngozi na kingine kiko juu yake, katikati tabaka la kuzuia joto, na juu kabisa hita ndogo. Kihisi cha chini kikiwa na moto kuliko cha juu, maana yake joto linatoka mwilini, na hita inaongeza moto. Inaendelea hivyo mpaka vihisi vyote viwili visome sawa. Hapo joto halipiti tena, na baada ya dakika chache ngozi iliyofunikwa hufikia joto la nyama iliyo sentimita moja au mbili chini yake. Kwenye paji la uso, ambako damu ni nyingi, joto hilo hukaribia sana lile la ndani. Kwenye unyayo kibandiko hichohicho hakitakusaidia.

Wajerumani wa hospitali ya Charité, Berlin, walikuwa na njia nyingine isiyohitaji hita: kupima joto linalopita kwenye tabaka, kisha kukokotoa. Vihisi vyao vilivaliwa na wanaanga katika kituo cha kimataifa cha anga za juu. Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba kwa miezi ya kukaa huko joto lao la ndani lilipanda kwa karibu nyuzi moja, na wakati wa mazoezi lilipita 40. Jasho halikauki vizuri mahali ambapo hewa ya moto haipandi.

Nafurahi kwa ajili ya wanaanga. Ila kibandiko cha hospitalini hutumika kwa mgonjwa mmoja kisha hutupwa, na kwangu hiyo ndiyo kasoro kubwa, kuliko tofauti ya nusu nyuzi ambayo wataalamu hubishania. Ninachokitaka ni kihisi cha kufutwa kwa spiriti na kurudishwa kwenye paji la mama anayefuata.

Kwa sasa nazima kiyoyozi kabla mama hajaingizwa, dripu naipasha kwanza, na kipimajoto nakiweka chini ya ulimi kila baada ya robo saa. Juzi mmoja aliniuliza, "Sista, mbona unanipima sana, nina homa?" Nikamwambia, "Hapana mama, nalinda joto lako." Kilisoma 36.3. Nikamwongezea blanketi.