Mfalme Aliye Muumba

Mstari wa pili wa Zaburi ya 149 una sehemu mbili. Ya kwanza inawaita Waisraeli wamfurahie aliyewaumba. Ya pili inawaita wana wa Sayuni wamshangilie mfalme wao. Washairi wa Kiebrania hawakutegemea vina kama watunzi wa tenzi zetu. Walipanga maana: kauli moja hutolewa, ya pili huirudia na kuiongezea uzito. Hapa Muumba amekuwa Mfalme, na mshairi hakuona haja ya kueleza.

Msomaji wa Makuyuni ana njia yake ya kulielewa jambo hili. Milima ya Usambara iliyo jirani naye ilikuwa na mfalme aliyekaa Vugha. Wasambaa husimulia kuwa Mbegha, mwindaji wa nguruwe kutoka Nguu, upande wa Handeni, aliwaua nguruwe walioharibu mashamba, akawagawia watu nyama, akaamua mashauri yao, nao wakamtawaza. Warithi wake waliaminiwa kuishika mvua. Mfalme akiwa na nguvu, nchi ilipona. Wakuu wa ukoo wakishindana, nchi iliharibika na njaa ikaingia. Kimweri ye Nyumbai, aliyempokea mmisionari Krapf mwaka 1848, alikuwa mfalme wa namna hiyo. Alipofariki mwaka 1862, jamaa zake wakapigana.

Lakini Mbegha aliwakuta watu. Alistahili shukrani yao, ila hakuwaumba. Waebrania nao walikuwa na Daudi na Sulemani, na bado Zaburi ya 65 inamshukuru Mungu kwa mvua inayolainisha matuta ya shamba, na ya 104 kwa chemchemi wanakokunywa punda mwitu.

Wataalamu wengi huiweka Zaburi ya 149 baada ya uhamisho wa Babeli, wakati kiti cha Daudi kilikuwa kitupu. Kwangu mimi, hapo ndipo penye uzito wa zaburi hii. Watu wasio na mfalme wanaambiwa wamshangilie mfalme wao, tena kwa kucheza, kwa matari na kinubi! Furaha yao haikutokana na hali ya ikulu. Aliyewafanya hakuondoka pamoja na nasaba ya Daudi.

Zaburi hiyo inaishia kwenye upanga na wafalme waliofungwa minyororo, mistari ambayo wengi huiruka. Usiiruke. Waimbaji wake walitoka katika taifa lililochukuliwa mateka na wafalme wa kweli.